Kufundisha kwa Mbali: Habari ya Mafunzo katika Upare wa Kaskazini

Apandaye kutoka mjini Mwanga kwenda Usangi au Ugweno huona jinsi milima ilivyoigawa nchi ile. Bondeni mna reli na barabara kuu iendayo Moshi. Juu mna migomba na kahawa, na vijiji vinavyotazamana ng'ambo ya makorongo. Wilaya ya Mwanga si ya kale: iliundwa mwaka 1979, ilipogawanywa iliyokuwa Wilaya ya Pare. Bali swali la kumfikishia mafunzo mtu asiyeweza kuondoka kwake ni la zamani kuliko wilaya hiyo, na sasa, kozi zinapotolewa kwa mtandao, limerudi tena. Nadhani sehemu kubwa ya jibu lake ilikwisha kupatikana, nasi tumeanza kuisahau.

Zamani kujifunza kulikuwa ni kuhama. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, aeleza jinsi watawala wa Ugweno wa ukoo wa Wasuya walivyoutumia mshitu, yaani jando la msituni, kuwaunganisha watu wao. Wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo chao Shighatini mwaka 1900, shule nayo ilimtaka mtoto aje mbele ya mwalimu. Kufundisha asiyeonekana kulikuja baadaye, kwa posta na redio.

Katika habari hizo hakuna ipasayo kukumbukwa kuliko kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua na Wakati wa Furaha, ikafuatwa mwaka 1975 na Chakula ni Uhai. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio, kisha mmoja akasoma kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, halafu wakajadiliana na kukata shauri: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka majani karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi, yapata 75,000, walikuwa wamefunzwa kabla ya matangazo kuanza. Hapa ndipo penye siri. Wengi husifu redio. Mimi nasema redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Sauti ilitoka mbali, lakini mwenye kuuliza, “Je, sisi hapa tutafanya nini?” alikuwa jirani aliyeketi pamoja nao.

Utaratibu huo ulionekana tena baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi ilipotakiwa kumfikia kila mtoto. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Basi tangu mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliokuwa karibu nao. Maelfu ya walimu walipatikana. Walimu hao wa UPE wamedhihakiwa sana, na mara nyingine kwa haki. Lakini wenye kudhihaki hawasemi nani angaliwafundisha watoto wale.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992. Nacho, pamoja na masomo yake ya mtandaoni, kina vituo mikoani ambako wanafunzi hukutana ana kwa ana na walimu.

Kozi nyingi za mtandaoni nilizozisoma katika Kiswahili hazina kituo wala kikundi. Ni mihadhara iliyorekodiwa, mirefu, ya kumaliza bando la mwanafunzi kabla hajafika kwenye swali la kwanza. Lugha yake pia yatupasa kuichungua. Amri zake zote ni za nafsi ya pili umoja: bofya, soma, jibu, endelea. Kisarufi hazina kosa. Walakini humfanya msomaji mtu pekee asiye na mwenziwe, na aliyekwama hajui amwulize nani. Ukisema “jadilianeni” ni lazima wawepo wawili. Kiambishi cha kutendana na kile cha wingi vimeshamwambia mtungaji wa kozi kazi iliyobaki, yaani kuwapanga wanafunzi katika makundi madogo, kuweka mwenye kuongoza kila kundi, na kutoa somo fupi linaloishia katika jambo la kufanywa.

Kisha kuna lugha ya mjadala. Kozi huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na hilo ni sawa. Lakini Ugweno kuna Kigweno, kilicho karibu na Kichaga kuliko Chasu cha majirani zao. Watu watatu wa Kifula wakigawana simu moja ili kusikiliza somo, huenda ubishi wao ukawa kwa Kigweno na jibu likaandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu aliyeko Dar es Salaam ataliona jibu, asiusikie ubishi uliolizaa, isipokuwa awe na mtu wake pale mlimani.