Damu Iokoayo: Habari Zake Tangu London hata Haydom

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo nataka kuwasimulieni jambo ambalo babu zetu wangalilisikia, wangalidhani ni hadithi tu: kutoa damu katika mwili wa mtu mwenye afya na kuitia katika mwili wa mtu mahututi, hata akapona. Habari hizi zatuhusu sote, lakini zawahusu zaidi watu wakaao mbali na miji mikubwa, kama wenyeji wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Wafugaji wa nchi zetu waliijua siri moja ya damu tangu zamani. Mmaasai humpiga ng'ombe mshale mdogo katika mshipa wa shingo, akakinga damu kibuyuni, kisha akauziba mshipa. Na ng'ombe yule hurudi malishoni, wala hafi. Basi walijua ya kuwa mwili waweza kupungukiwa damu kidogo na kuifanya tena. Lakini kuihamisha damu toka mwili mmoja hata mwingine, hilo lilichukua miaka mingi kujulikana.

Mwaka 1667, huko Ufaransa, mganga Jean-Baptiste Denis alimtia kijana mmoja damu ya mwana-kondoo. Kijana yule akaishi; lakini mgonjwa mwingine, aliyetiwa damu ya ndama, alikufa baadaye, kukawa na kesi, na kazi ile ikapigwa marufuku. Ikapita miaka 150. Hata mwaka 1818 Bwana James Blundell, mganga wa wazazi katika mji wa London, aliyehuzunishwa na vifo vya akina mama waliotokwa na damu baada ya kujifungua, akaanza kutumia damu ya binadamu. Wengine walipona, wengine wakafa, wala hapakuwa na mtu aliyejua sababu.

Sababu ilifichuliwa mwaka 1901 na Karl Landsteiner wa Vienna. Alionyesha ya kuwa damu za watu, ingawa kwa macho ni nyekundu zote, zina makundi mbalimbali. Damu isiyopatana ikiingia mwilini, chembe zake hupasuka, figo huharibika, na mgonjwa aweza kufa. Na ajabu ni hii: ndugu wa tumbo moja waweza kutopatana damu, na mgeni wa kabila jingine akapatana nawe kabisa. Kisha, mwaka 1914, waganga walivumbua ya kuwa chumvi iitwayo sitrati huizuia damu isigande. Na mwaka 1917, katika Vita Kuu, daktari Oswald Robertson aliihifadhi damu katika chupa zilizowekwa penye barafu, tayari kwa majeruhi. Tangu hapo damu ikawa kitu cha kuwekwa akiba, kama mahindi ghalani.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1955, katika nyanda za juu za Mbulu, ilifunguliwa hospitali ya Haydom, iliyojengwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe. Kutoka hapo hata Arusha ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Kwa miaka mingi, katika hospitali nyingi za Tanzania, ghala ya damu ilikuwa ni jamaa za mgonjwa wenyewe. Fikirini mama aliyeletwa usiku akitokwa na damu. Mume apimwa, damu yake haipatani. Dada apimwa, naye ana safura. Mjomba atumiwa habari kijijini, na njia ina matope ya masika. Mganga anayo maarifa yote ya Landsteiner, lakini mkononi hana kitu.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na watu wakaona ya kuwa damu iokoayo yaweza pia kuua. Ikawa lazima kila damu ipimwe UKIMWI, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Mwaka 2004 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na kituo cha kanda ya kaskazini kikawekwa Moshi, ili damu ikusanywe kwa watu wajitoleao, kabla mgonjwa hajapatikana.

Waganga nao wakajifunza kiasi. Mwaka 1999, huko Kanada, wagonjwa mahututi 838 waligawanywa mafungu mawili: fungu moja waliongezewa damu mapema, la pili walingojewa hata damu ipungue zaidi. Wale waliongojewa hawakufa kwa wingi kuliko wenzao. Na mwaka 2019 yakatangazwa matokeo ya watoto 1,565 wa Uganda na Malawi, wenye upungufu mkubwa wa damu lakini wasio na dalili za hatari: waliotiwa damu papo hapo na waliongojewa kwa uangalizi hawakutofautiana katika vifo. Maana yake si kwamba damu haina kazi. Maana yake ni kwamba chupa moja iliyopo apewe yule ambaye pasipo hiyo hataiona asubuhi.

Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama hiyo haileti barua kabla ya kufika. Damu imfaayo majeruhi ni ile iliyotolewa juma lililopita na mtu asiyemjua.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza: hata katika baridi, damu iliyotiwa dawa ya kawaida haikai zaidi ya siku 35. Kwa hiyo ghala hii haijazwi mara moja ikasahauliwa; hujazwa daima. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila miezi mitatu, na mwanamke kila miezi minne. Ng'ombe wa mfugaji hurudi malishoni. Nawe utarudi shambani kwako, na mahali fulani mtoto wa watu atafumbua macho.

Kwa herini.