Gitaa na Wageni Wake: Juu ya Kurejea kwa Carlos Santana

Iko hoja iliyoenea kwamba Supernatural, albamu iliyomrejesha Carlos Santana masikioni mwa walimwengu mwaka 1999, ilhali kundi lake lilikuwa halijatoa albamu ya studio tangu 1992, ilikuwa bidhaa ya soko tu. Kwamba Clive Davis, mkuu wa kampuni ya muziki ya Arista, alimzungushia mpiga gitaa aliyekwisha pita umri wa miaka hamsini waimbaji vijana waliopendwa redioni, na mchanganyiko wa roki, salsa na hip hop ukazaliwa kwa hesabu ya faida. Davis alishiriki kweli kuwatafuta wageni hao. Lakini hoja hiyo imesahau asili ya mtu mwenyewe.

Santana hakujifunza kuchanganya uzeeni. Alizaliwa mwaka 1947 huko Autlán, Meksiko, mwana wa mpiga fidla wa mariachi aliyemfundisha chombo hicho kabla hajashika gitaa; Tijuana ikampa bluzi, San Francisco ikamkutanisha na wapiga konga na timbali. Albamu yake ya kwanza, ya 1969, ilichukua wimbo wa Babatunde Olatunji, bingwa wa ngoma kutoka Nigeria, na Abraxas ya mwaka uliofuata ikawaweka pamoja Peter Green, Mwingereza wa bluzi, na Tito Puente, aliyeijenga “Oye Como Va” juu ya kazi ya Cachao wa Kuba. Mapigo hayo ya Kuba yana nasaba na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na Kongo, na santuri zilipoyarudisha Kongo yakazaa rumba. Basi msikilizaji wa Lubumbashi au Dar es Salaam humsikia Santana kwa ujamaa, wala si kwa ugeni.

Tofauti iliyopo, nami naiona kubwa, ni ya mamlaka. Katika Abraxas mwimbaji alikuwa karibu sawa na chombo kimojawapo, na ngoma ndizo zilizotawala. Katika Supernatural kila wimbo wenye mgeni huelekea kuwa milki ya mgeni huyo, awe Rob Thomas, Lauryn Hill au kundi la Maná. Kinachoizuia kazi hii isitawanyike ni gitaa, ambalo noti yake ndefu, iliyovutwa mpaka ikaribie kilio cha binadamu, humjibu mwimbaji mwishoni mwa kila kifungu kama fidla imjibuvyo mwimbaji wa taarabu. Nakiri kuwa katika “Maria Maria” mapigo ya mashine ni mepesi mno mbele ya konga za zamani, na kwamba “Africa Bamba”, yenye asili katika utunzi wa ndugu wa Touré Kunda wa Senegali, yanipendeza kuliko nyimbo nyingi zilizovuma.

Tuzo 9 za Grammy za Februari 2000, na majuma 12 ambayo wimbo wa “Smooth” wa albamu hiyo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, ni ushahidi wa mapokezi, si wa ubora. Anayeshuku na asikilize “El Farol”, ambamo hamna mwimbaji wala mgeni mashuhuri wa kuvuta wanunuzi, na gitaa lasema peke yake yale yale liliyoyasema tangu 1969.