Dixville Notch
Kitongoji cha milimani katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ambacho tangu mwaka 1960, kwa juhudi za Neil Tillotson, tajiri mwenye hoteli ya Balsams, wakazi wake wachache hupiga kura ya urais itimiapo saa sita ya usiku na matokeo yakatangazwa papo hapo, kwani sheria ya jimbo huruhusu kituo kufungwa pindi kila aliyeandikishwa akiisha kupiga. Waandishi wa magazeti hupenda kuifanya kura hiyo ramli ya taifa zima, jambo ambalo ni mzaha tu. Kwa dahari wakazi hao waliegemea chama cha Republican, na Nixon alizipata kura zote 9 mwaka 1960, illa Humphrey alishinda 1968, na Obama 2008, kwa kura 15 dhidi ya 6. Hoteli ilipofungwa 2011 wapiga kura walipungua. 2024 wagombea walitoka sare, 3 kwa 3.