Ofisi ya vibali ikinyamaza, imesema nini?

Sisi tunaoandika programu tuna swali moja ambalo wanagenzi hulisahau sana. Umetuma ombi kwa seva, na seva haijibu. Sasa ufanye nini? Ungoje milele? Uhesabu kuwa umekataliwa? Au uendelee na kazi kana kwamba umekubaliwa? Programu isiyo na jibu la swali hilo haijakamilika, hata iwe na sura nzuri namna gani.

Wiki hizi nimekuwa nikisoma sheria za mipango ya miji (ndiyo, kuna watu husoma vitu hivyo Jumamosi :-) na nimegundua kwamba historia ya vibali vya ujenzi hapa Kenya ni historia ya swali hilohilo. Ukipeleka ramani ya nyumba na ofisi ikae kimya, kimya hicho kina maana gani?

Tuanzie Uingereza, kwa sababu mtindo huu wa kuomba ruhusa kwa baraza ulitoka huko. Sheria yao ya mipango ya mwaka 1947 ilileta jambo zito: kumiliki ardhi hakukutosha tena kukupa haki ya kuijenga. Lazima uombe. Na baraza likikaa bila kujibu mpaka muda uliowekwa upite, sheria ilichukulia kwamba umekataliwa. Inaonekana ukatili, lakini ilikuwa na akili ndani yake. Ukishahesabiwa umekataliwa, unaweza kukata rufaa kwa waziri. Mpaka leo, huko England, baraza lina wiki 8 kwa ombi la kawaida na wiki 13 kwa mradi mkubwa. Maombi mengi huamuliwa na maafisa wenyewe, na yale yenye ubishi hupelekwa mbele ya kamati ya madiwani.

Nairobi ilipata mpango wake mkuu mwaka 1948, ukiandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1950 ikawa jiji. Uhuru ulipokuja tulirithi mabaraza, kamati za madiwani na mazoea ya faili. Sheria za zamani za mipango ziliendelea mpaka zilipofutwa na Sheria ya Mipango ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 1998.

Sheria hiyo ilikuwa kali. Kujenga bila kibali kungeweza kukupa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Ulijaza fomu iliyoitwa PPA1, ukaambatanisha michoro, kisha faili ikaanza safari: kwa watu wa barabara, wa afya, wa maji, wa ardhi. Kila meza ilikuwa na la kusema. Mwishoni, katika jiji letu, ilifika kwa kamati ya madiwani ya mipango ya mji, nawe ukaletewa jibu kwa fomu PPA2.

Saa nayo? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Sheria ililipa baraza siku 30 kukujulisha uamuzi, lakini siku hizo zilihesabiwa kuanzia siku uamuzi ulipofanywa! Yaani saa ilianza kukimbia baada ya kazi kwisha. Muda ambao faili ililala mezani haukuhesabiwa na saa hiyo. Ukiandika programu ya namna hiyo, mtumiaji atabaki akitazama kiduara kinazunguka mpaka achoke.

Na watu walichoka. Mwenye subira alingoja, mwenye pesa alimtafuta mtu wa kumsukumia faili, na wengine walimwaga msingi bila kuuliza mtu. Sisemi kwamba kila jengo bovu lilitokana na foleni. Tamaa nayo ni mjenzi mkubwa. Lakini mlango rasmi ukiwa mgumu, mlango wa nyuma hupata wateja.

Mwaka 2011 Baraza la Jiji lilianza kupokea maombi kwa njia ya intaneti. Wengi wetu katika fani hii tulishangilia. Faili ya kompyuta haipotei chini ya kabati, na unaweza kuona imekwama kwa nani. Hata hivyo, kompyuta huharakisha faili tu. Haimlazimishi mtu kuamua.

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yote 175 yalikwisha, na kazi hii ikaenda kwa kaunti 47. Kisha Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la kupangisha liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Wakuu walisema halikuwa na kibali, na kwamba lilikuwa katika orodha ya kubomolewa. Orodha ilikuwepo. Jengo nalo lilikuwepo, na watu walikuwa wakilala ndani.

Sheria mpya ya mwaka 2019 ndiyo hatimaye ilijibu swali letu. Ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi kutoka kaunti, unahesabiwa umepewa ruhusa. Soma tena taratibu: kimya, ambacho kwa Waingereza ni hapana, kwetu sasa ni ndiyo.

Kwa mwombaji huu ni ushindi. Mzigo wa uvivu wa ofisi umerudishwa ofisini. Ukikataliwa pia una mahali pa kwenda: kamati ya upatanisho ya kaunti, ndani ya siku 14, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Umma nao lazima uarifiwe na ualikwe kupinga.

Lakini mimi bado nina wasiwasi. Katika programu, ukisema "muda ukiisha, ruhusu", lazima uwe na hakika kwamba kuna kinga nyingine mbele. Hapa kinga ni ukaguzi wa mazingira, usajili wa mradi kwa mamlaka ya ujenzi, na mkaguzi anayefika kupima nondo na zege. Zikifanya kazi, siku 60 ni baraka. Zikilala, atakayelipa si karani aliyenyamaza wala mwenye ploti. Ni mpangaji wa ghorofa ya pili, ambaye hakuwahi kuona ramani yoyote.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo, ukijenga, tunza risiti yenye tarehe ya kupokelewa ombi lako, maana siku 60 haziwezi kuthibitishwa bila hiyo. Na ukiwa jirani, soma bango la mradi lililo kwenye ua wa mabati kabla tarehe haijapita. Kimya chako nacho kinahesabiwa.