Kuvunjika kwa mtulinga

Kuvunjika kwa mtulinga ni jeraha la mfupa unaounganisha kidari na bega, na hutokea mara nyingi katika ajali za magari na pikipiki. Chanzo ni kuangukia bega, kugonga mlango au kubanwa ghafla na mkanda wa usalama. Nchini Kenya na Tanzania, ambako usukani uko kulia, mkanda hupita bega la kulia la dereva na la kushoto la abiria wa mbele. Asiyefunga mkanda, hata hivyo, huumia vibaya zaidi. Sehemu ya katikati ndiyo huvunjika zaidi. Eksirei huthibitisha jeraha. Wengi hupona kwa kuning'iniziwa mkono kwa kitambaa. Vipande vikiachana sana, hufungwa bamba la chuma kwa upasuaji. Kwa mtu mzima mfupa huunga kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 12.