Mwalimu wa Makerere na karatasi za sabuni

Mwalimu akistaafu Korogwe, awe wa Kilole au wa kule vijijini Handeni, maswali yanayomngoja yanajulikana. Mafao yametoka? Shamba umenunua wapi? Utafuga kuku au utafungua duka? Mji wetu una chuo cha ualimu, kwa hiyo wastaafu wa chaki tunao wa kutosha. Akitokea mmoja akajibu kwamba sasa anataka kukaa chini afanye picha, wengi watadhani kiinua mgongo kimempanda kichwani.

Kenya ilikuwa na mwalimu wa namna hiyo, na leo hii historia ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki haikamiliki bila jina lake. Ni Rosemary Namuli Karuga.

Alizaliwa Meru mwaka 1928, baba akitokea Uganda, mama akiwa Mkenya. Mwaka 1950 aliingia chuo cha Makerere, Uganda, kusomea sanaa. Tuutazame mwaka huo kwa makini. Makerere ilikuwa imeanza kupokea wanawake mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Msichana aliyefika kule kusomea ualimu alieleweka na wazazi wa wenzake. Aliyekwenda kujifunza uchoraji, uchongaji na usanifu wa michoro alikuwa na kazi ya kujieleza. Karuga alimaliza mwaka 1952, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ile ya sanaa.

Shule yenyewe ilikuwa na umri mdogo. Mwanzilishi wake, Margaret Trowell, Mwingereza aliyefunzwa London, alianza kwa madarasa ya barazani kwake mwishoni mwa miaka ya 1930. Hakupenda kuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, kila mmoja akalione kichwani mwake kisha alichore. Wapo waliomlaumu baadaye kwamba alitaka Mwafrika abaki kijijini hata kwenye karatasi, na lawama hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, mikononi mwake walipita watu wazito: Gregory Maloba wa magharibi mwa Kenya, aliyekuja kulitengeneza sanamu la uhuru la Kampala la mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Machame, ambaye Tanganyika ilipopata uhuru ilimtuma London kuwa balozi wake. Wote wawili walisoma pale, kisha wakafundisha pale pale.

Sasa linganisha. Maloba na Ntiro walipomaliza walipewa nafasi ya ualimu chuoni, wakawa na karakana, wanafunzi wakubwa na maonesho. Karuga alirudi Kenya, akaolewa mwaka 1953, akalea watoto watatu na kufundisha shule. Kwa zaidi ya miaka 30 mikono iliyofunzwa kuchonga na kuchora ilisahihisha madaftari. Sisemi ualimu ni kazi ndogo. Nimekulia katika mji unaoishi kwa ualimu. Ila mwanamume wa elimu ile ile aliitwa msanii anayefundisha, na yeye akaitwa mwalimu tu, basi.

Mambo yalibadilika alipostaafu miaka ya 1980. Binti yake ndiye aliyemhimiza arudie sanaa, na mwaka 1987, akikaribia miaka 60, alipokelewa kama msanii mkaazi katika kituo cha Paa ya Paa, Nairobi. Kituo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1965, kiliongozwa na Mtanzania, Elimo Njau wa Marangu, naye pia zao la Makerere. Ni yeye aliyechora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a akimweka Bwana katika mandhari ya Kikuyu, na msimamo wake maarufu ulikuwa kwamba msanii asinakili kazi ya mwenzake.

Rangi zilikuwa ghali. Mstaafu wa ualimu hanunui rangi ya mafuta ya kutoka ng'ambo kila mwezi. Karuga akageukia alivyokuwa navyo nyumbani: karatasi za kufungia sabuni ya Rexona, pakiti za unga, magazeti, kurasa zinazong'aa za majarida. Alizikata na kuzichana vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi kimoja kando ya kingine mpaka vikatoa umbo. Kazi za namna hii huitwa kolaji. Kwa mbali unaona wanyama, wanawake walio kazini, maisha ya kijijini. Ukisogea, kile ulichodhani ni kivuli ubavuni mwa mnyama kinakuwa vipande kumi vya rangi zinazokaribiana, na hakuna hata kimoja kilichopakwa kwa brashi. Kijani cha pakiti hakikolezwi wala hakizimuliwi. Ukitaka kijani kingine, utafute pakiti nyingine. Hapo ndipo masomo ya Makerere yalipofanya kazi. Kujua rangi ipi ikae jirani na ipi ili jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe ni elimu, na ni elimu ngumu.

Ndiyo maana hunikera kusoma habari zinazomsimulia kama bibi aliyeokota takataka akajikuta ni msanii. Nairobi ya miaka ile ilikuwa na soko la hadithi hizo. Ruth Schaffner, aliyeliendesha jumba la sanaa la Gallery Watatu tangu katikati ya miaka ya 1980, aliwainua sana wasanii wasiopita shuleni, na wanunuzi wa kigeni walipenda kusikia kwamba mchoraji hakufundishwa na mtu. Karuga alifundishwa, na alifundishwa vizuri. Karatasi ya sabuni ilitokana na bei ya rangi; jicho lilitokana na darasa.

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum in Harlem, New York, liliandaa maonesho ya wasanii tisa wa Afrika ya wakati ule. Walikuwamo El Anatsui wa Ghana, ambaye leo majumba makubwa ya dunia yanamgombania, na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kenya. Baadaye alitengeneza pia kolaji za kusindikiza riwaya ya Mnigeria Amos Tutuola, ile ya mnywaji wa pombe ya mnazi anayemfuata mgema wake hadi kwa wafu. Kitabu chenye viumbe vya ajabu namna ile kilihitaji mtu anayejua kuunda kiumbe kutokana na vipande.

Hakuwa peke yake. Theresa Musoke wa Uganda, naye wa Makerere, alihamia Kenya miaka ya 1970 nchi yake ilipochafuka, akachora na kufundisha huko kwa takriban miaka 20. Ukizipanga habari za wanawake hawa, unaona kwamba sanaa ya kisasa ya kanda hii ilibebwa kwa sehemu kubwa na mishahara ya shule, ingawa vitabu vyake vimejaa wanaume wenye karakana.

Mwaka 2006 Karuga alihamia Ireland kuishi na binti yake. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalimtambua mwaka 2017, yakimteua kuwa msanii wa mwezi, naye akiwa karibu na miaka 90. Alifariki Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Kwa walimu wa Kilole, Korogwe na Handeni wanaofundisha somo la sanaa bila bajeti ya rangi: mkasi, gundi na pakiti za dukani zinatosha kuanzia kipindi cha kwanza. Ila msiwaambie watoto kwamba ni mchezo wa kutumia taka. Waambieni jina la Rosemary Karuga, na kwamba kazi kama hii ilitundikwa New York.