Ugumu wa godoro

Ugumu wa godoro ni kiasi ambacho godoro hukataa kubonyea linapolaliwa. Sifa hii ndiyo inayoamua jinsi uzito wa mlalaji unavyogawanyika kati ya mabega, mgongo, nyonga na visigino, na kama uti wa mgongo utabaki katika mkao wake wa kawaida usiku kucha. Ugumu si kipimo cha ubora. Godoro laini laweza kuwa imara na kudumu miaka mingi, na godoro gumu laweza kuwa hafifu na kuchakaa mapema. Wala hakuna ugumu mmoja unaomfaa kila mtu: unaofaa hutegemea uzito wa mlalaji, mlalo wake, umri na afya yake, joto la mahali anapoishi, na kitanda kinachobeba godoro lenyewe.

Historia

Matandiko ya kulalia ni ya kale mno. Katika pango la Sibudu, jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, wanaakiolojia wamefukua tabaka za matete na nyasi zilizotandikwa miaka 77,000 iliyopita. Juu yake yalikuwa yamewekwa majani ya mti wenye kemikali za kufukuza wadudu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki watu wengi walilalia kitanda cha kamba, maarufu Tanzania kwa jina la teremka tukaze. Fremu ya mbao husukwa kwa kamba za usumba au za ukindu, na ugumu wake hurekebishwa kwa mkono: kamba zikilegea na kitanda kikabonyea katikati, hukazwa upya. Juu yake hutandikwa mkeka, au godoro la sufi, pamba au nyasi kavu. Sufi, inayotoka katika maganda ya msufi, ni laini na nyepesi ikiwa mpya, lakini hushikana mabonge kadiri inavyolaliwa, hivyo sharti ianikwe juani na kuchambuliwa mara kwa mara.

Magodoro ya kiwandani yalileta vifaa vipya. Kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilibuni sponji ya lateksi, yaani utomvu wa mpira uliotiwa mapovu, mwaka 1929. Mwaka 1937 mwanakemia Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, waligundua poliurethani, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa ikitengenezwa kama sponji laini. Hiyo ndiyo sponji iliyojaa katika maduka ya magodoro ya Afrika Mashariki leo. Mwaka 1966 Charles Yost, akifanya kazi kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, alibuni sponji inayofinyika polepole na kurudi polepole. Ilikusudiwa viti vya ndege, na baadaye iliingia vitandani kwa jina la memori fomu.

Ugumu na densiti

Mnunuzi akiuliza godoro gumu, mara nyingi huonyeshwa lenye densiti kubwa, kana kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Densiti ni uzito wa sponji katika kila mita ya ujazo, na hueleza zaidi ni muda gani sponji itastahimili kulaliwa bila kubaki na shimo. Ugumu hutokana na namna kemikali zilivyochanganywa. Kiwanda kinaweza kutoa sponji mbili zenye densiti ileile ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, moja ikawa laini na nyingine ngumu. Sponji nyepesi iliyotengenezwa ngumu humridhisha mnunuzi siku anapoibonyeza dukani, kisha hulegea baada ya miezi michache.

Densiti inaweza kukadiriwa kwa mizani. Godoro la futi 6 kwa 6 lenye unene wa inchi 6 lina takribani nusu mita ya ujazo. Sponji yake ikiwa ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, itakuwa na uzito wa kilo 10 hivi bila kitambaa. Ikiwa ya kilo 30, itafika kilo 15. Makadirio haya yana mpaka wake, kwa sababu unga wa kalsiamu kaboneti ukichanganywa kwenye sponji huongeza uzito bila kuongeza uimara.

Ugumu hupimwa maabara kwa kukandamiza sahani ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20 juu ya kipande cha sponji. Njia ya kimataifa husoma nguvu inayohitajika kupunguza unene wa sponji kwa asilimia 40, na nguvu hiyo huandikwa kwa nyutoni. Marekani hutumia zaidi asilimia 25. Kipimo kingine hulinganisha nguvu ya kufikia asilimia 65 na ile ya asilimia 25. Uwiano ukiwa mkubwa, godoro ni laini kwa juu lakini huzidi kukaza kadiri mwili unavyozama. Uwiano ukiwa mdogo, godoro hupokea mwili vizuri mwanzoni, kisha nyonga hudidimia mpaka zikaribie chaga.

Maneno kama "othopediki" au "la afya" yanayoandikwa kwenye nailoni ya godoro si kipimo. Hayana kiwango kimoja cha ugumu kinachokubalika kimataifa, na hutumiwa kwa magodoro yanayotofautiana sana.

Mwili na mlalo

Mwili wa binadamu si ubao. Mtu akilala chali, sehemu nzito zaidi ya kiwiliwili ni nyonga, na kiuno huacha uwazi juu ya godoro. Godoro gumu kupita kiasi hubeba mwili kwa mabega na makalio tu, huku kiuno kikining'inia bila egemeo. Godoro laini kupita kiasi huacha nyonga zizame na kuukunja mgongo, nayo misuli hukosa kupumzika. Usingizi ndio muda wa mgongo kupumua: diski zilizo kati ya pingili hubanwa mchana kutwa na kunyonya maji tena usiku. Ndiyo maana mtu mzima huamka akiwa mrefu kwa sentimita 1 hivi kuliko alivyokuwa jioni.

Anayelala ubavu huhitaji godoro linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo, ili uti wa mgongo unyooke kuanzia shingoni hadi kiunoni. Dalili kwamba godoro ni gumu mno kwake ni mkono kufa ganzi au nyonga kuuma, jambo linalomfanya ajigeuze mara kwa mara. Anayelala chali hufaiwa na godoro la ugumu wa kati au zaidi kidogo. Anayelala kifudifudi huhitaji gumu zaidi, kwa sababu tumbo likizama kiuno hupinda kwa nyuma. Mlalo huu pia huichosha shingo, na kubadilisha godoro pekee hakuondoi tatizo hilo.

Uzito hubadilisha maana ya ugumu. Godoro ambalo mtu wa kilo 55 huliona gumu, mtu wa kilo 100 huliona la kati au laini. Mlalaji mzito huhitaji sponji ngumu zaidi, yenye densiti kubwa zaidi na nene zaidi: inchi 4 zinazomtosha mtoto hufikia chaga chini ya mtu mzima mnene. Hata hivyo, wawili wanaolala pamoja hawahitaji ugumu wa kubeba jumla ya uzito wao, kwa kuwa sponji hubonyea chini ya kila mmoja peke yake. Tatizo hutokea wanapotofautiana sana uzito, kwani mwepesi huteremkia upande wa mzito. Springi zilizounganishwa kwa waya huongeza tatizo hilo, na zile zilizofungwa kila moja katika mfuko wake wa kitambaa hulipunguza.

Ushahidi wa kitabibu

Kwa miaka mingi mgonjwa wa mgongo aliambiwa alalie godoro gumu kadiri iwezekanavyo, au aweke ubao chini yake. Ushauri huo ulitikiswa mwaka 2003, wakati jarida la kitabibu la The Lancet lilipochapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake nchini Hispania. Watu wazima 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na chanzo bayana walipewa magodoro kwa kura: wengine gumu, wengine la ugumu wa kati. Katika kipimo cha Ulaya ambacho 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa, la kwanza lilikuwa 2.3 na la pili 5.6. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati walikuwa wamepata nafuu zaidi, wakiwa kitandani na wakati wa kuamka, na waliweza zaidi kufanya shughuli zao.

Matokeo hayo hayalipi ushindi godoro laini. Yanaonyesha kwamba ugumu wa kati ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, kabla ya kurekebisha kulingana na mlalo na uzito wake.

Makundi yenye mahitaji maalumu

Mtoto mchanga ni kundi ambalo ugumu kwake ni suala la uhai. Hulazwa chali juu ya godoro gumu, tambarare na linalojaa kitanda bila pengo pembeni, bila mto wala mablanketi mazito. Sehemu laini inaweza kuziba pua na mdomo wake. Ulaini unaompendeza mzazi si kigezo cha godoro la mtoto.

Mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho hushauriwa kulala ubavu, na huhitaji godoro linalopokea bega na nyonga. Mto kati ya magoti husaidia. Mzee mwenye magoti yaliyokaza hupata shida kuinuka kwenye godoro linalommeza, na hunufaika na kingo imara. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yumo hatarini kupata vidonda vya mgandamizo katika mifupa ya makalio, nyonga na visigino. Kwake huhitajika sponji maalumu au godoro la upepo, pamoja na kugeuzwa mara kwa mara.

Mwanafunzi wa bweni hununuliwa godoro jembamba la futi 2.5 au 3, mara nyingi la bei nafuu kuliko yote. Kwa kuwa atalilalia miaka kadhaa akiendelea kukua, densiti yapaswa kuangaliwa kabla ya unene: inchi 4 za sponji nzito hudumu kuliko inchi 6 za sponji nyepesi.

Hali ya hewa

Joto na unyevu hulainisha sponji ya poliurethani. Memori fomu huathirika zaidi: katika baridi ya Njombe au Limuru huweza kukaza kama ubao mpaka ipate joto la mwili, na katika joto la Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hulegea na kumzunguka mlalaji, ikizuia hewa kupita. Lateksi na springi hupitisha hewa vizuri zaidi. Nailoni ya dukani isibaki juu ya godoro: huzuia jasho kukauka na huongeza joto.

Kuchagua dukani

Kubonyeza godoro kwa kiganja hakuelezi lolote la maana, kwa kuwa mkono hauna uzito wa nyonga. Inafaa kulilalia dakika 10 hadi 15 katika mlalo wa kawaida, pamoja na mwenza ikiwa mtalala wawili. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa urahisi na kuacha uwazi, godoro ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa kupita, nyonga zimezama. Ukiwa ubavu, mwambie mtu aangalie kwa nyuma kama mgongo umenyooka. Mto pia ni sehemu ya jaribio hili: kadiri bega linavyozama, ndivyo mto mwembamba unavyohitajika.

Kitanda nacho hubadilisha ugumu. Chaga zilizoachana sana, au zilizopinda, huiacha sponji ichungulie katikati na godoro jipya huonekana bovu. Nafasi kati ya chaga isizidi inchi 3 hivi. Godoro likiwekwa sakafuni huwa gumu zaidi, lakini unyevu hujikusanya chini yake na kuotesha ukungu, hivyo liinuliwe mara kwa mara likauke.

Kuchakaa

Sponji hulegea zaidi katika miezi ya kwanza, hasa mahali pa nyonga. Kuligeuza godoro kichwani kuwe miguuni kila baada ya miezi michache husambaza uchakavu. Godoro lenye tabaka tofauti juu na chini halipinduliwi.

Godoro limekwisha kazi iwapo shimo linabaki hata mlalaji akishaamka, au chaga zinahisika, au mtu analala vizuri zaidi kwingine kuliko kwake. Ugumu wa mwili wa asubuhi unaopungua baada ya kutembea kidogo mara nyingi huhusiana na malazi. Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi au udhaifu wa miguu ni jambo jingine, na huhitaji daktari kabla ya kufikiria godoro jipya.